Hatua Mia za Mejumaa

"Kassim ni nani, na alifia wapi?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, pasi ya makaa mkono mmoja, karatasi mkono wa pili. Nyuma yake shati langu jeupe lilikuwa limetandazwa mezani. Lilikuwa limerudi kutoka kwa fundi Msambweni tangu Jumatano, limefungwa gazeti, limetiwa kola mpya. Nililiona, nikalisukuma pembeni. Nilikuwa nimenuna, na mwanamume akinuna hata mfuko wa shati lake mwenyewe hapekui.

"Ilete hapa, mwaitu," nikamwambia mama kwa Kikamba.

"Nimekuuliza. Kassim ni nani?"

"Ni mimi."

Mama akaketi polepole, pasi bado mkononi. "Kumbe wewe ndiye uliyekufa?"

Niliichukua karatasi. Mwandiko wa Mejumaa niliujua kama ninavyoijua njia ya nyumbani: herufi ndogo, zimebanana, kama mshono wa pindo.

*Kivuva. Ijumaa baada ya sala wazee wa Tembo wanakuja kwa baba kuniposa. Baba ataniuliza, nami nitajibu. Lakini kabla sijajibu, kuna jambo moja nataka kulijua juu yako. Nimekufichia makopo matatu. Anza pale Kassim alipofia. Ukifika nyumbani na la tatu kabla sijaulizwa, tutazungumza. Usipofika, usije tena. M.*

"Leo ni siku gani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ijumaa."

"Saa ngapi?"

"Redio imesema saa tatu sasa hivi. Kivuva, keti nikwambie."

Sikuketi. Nilikuwa natafuta viatu.

"Baba yako Musyoki alishuka huku Kikoneni na jembe moja," mama akasema. "Amelima miaka ishirini, akazikwa kwa jina lilelile alilokuja nalo. Wewe umekwenda Samburu kupakia mbuzi kwenye malori, umekwenda Lunga Lunga kupakia mahindi, umekwenda Diani kuchezesha wazungu, na kila mahali unarudi na jina jipya. Wale Waislamu watakuzika bila sanduku, unajua hilo?"

"Sijafa bado, mwaitu."

"Kassim ameshakufa."

Nilivaa lile shati. Lilikuwa na joto la pasi upande mmoja tu, maana hakuwa amemaliza. Nikatoa baiskeli. Nilipogeuka kumuaga alikuwa amenipa mgongo, lakini nilisikia akisema, "Kunywa hata uji." Sikunywa.

Hebu nieleze habari ya makopo. Hoteli niliyofanyia kazi Diani ilinilipa kuwachangamsha wageni, na mchezo waliopenda kuliko yote ulikuwa ule wa kusaka hazina. Nilificha makopo vichakani na mapangoni, ndani nikatia mafumbo, na Wajerumani wazima, watu wenye wajukuu, wakakimbia juani wamegeuka rangi ya kamba wa kuchemshwa. Mzee Dzombo alipomkataza binti yake, Mejumaa, kusema nami, tuliufanya mchezo huo kuwa posta yetu. Yeye alificha, nikatafuta. Nilificha, akatafuta. Mafumbo yake yalikuwa magumu kuliko yangu, maana mimi nilitunga kwa ajili ya wageni, yeye alinitungia mimi.

Na kwa nini mzee alimkataza? Kosa ni langu. Mzee Dzombo ni fundi wa kanzu, duka lake liko Msambweni. Mara ya kwanza nilipoingia mle alinipima yeye mwenyewe kwa tepu, na binti yake akaandika daftarini.

"Kifua, thelathini na nane," mzee aliita.

Binti akaandika, akainua macho.

"Shingo, kumi na tano."

Akaandika. Akainua macho tena, safari hii akachelewa kuyashusha. Mwenzangu, nimetembea sana, nimetazamwa na watu wengi, lakini sikuwahi kutazamwa kwa namba.

"Nimwandike nani?" akauliza.

Nikaona kofia ya mzee, nikaona msahafu juu ya rafu, nikasema, "Kassim." Lilinitoka tu. Mzee akafurahi, akaniitia kahawa. Wiki iliyofuata nilirudi kuchukua shati. Nikamkuta mzee amesimama kwenye mkeka wake, anaswali. Nikampita mbele, hivi, karibu nimguse, nikasema kwa sauti, "Asalam aleikum, mzee!" Nikashangaa hanijibu. Alipomaliza alinitazama muda mrefu. "Kassim gani wewe," akasema, "unayempita mtu mbele ya sala yake?" Tangu siku hiyo sikukaribishwa.

Na wiki mbili kabla ya barua ile ndipo nilipoharibu kabisa. Mejumaa aliniuliza, kama ndoa itakuja, nitafanyaje kuhusu dini. Nikamjibu, "Hilo ni dogo. Kusilimu ni nini? Ni maneno mawili, mzee anafurahi, tumemaliza." Nilidhani nampunguzia mzigo. Alilia, akaondoka, na tangu hapo hapakuwa na kopo. Ndipo nami nikanuna.

Lakini mahali Kassim alipofia nilipajua. Alifia kwenye mizani ya miwa, katika mashamba ya kile kiwanda cha sukari kilichofungwa. Hapo ndipo nilipomkuta Mejumaa akikata miyaa ya kusukia mikeka, nikamwambia ukweli: mimi siitwi Kassim, mimi ni Kivuva. Alicheka mpaka akaangusha panga. "Maskini Kassim," alisema, "alikuwa na shingo nzuri."

Nilifika kwenye mizani saa nne na nusu, mgongo umelowa. Bamba la chuma lilikuwa limeota kutu, nyasi zimepita katikati. Kopo la kwanza nililiona upesi, chini ya bamba, kopo la mafuta ya Kimbo limefungwa mpira wa baiskeli. Ndani:

*Fuata reli ya miwa upande wa mto. Hesabu mataruma. Kifua chako mara kumi, toa shingo yako.*

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikajishika kifua, nikaona nimekonda tangu shati lile lishonwe. Hapana, yeye atatumia kile cha daftarini. Thelathini na nane mara kumi ni mia tatu na themanini. Toa kumi na tano. Mia tatu sitini na tano.

Siku za mwaka. Tulikuwa tumejuana mwaka mzima, na alikuwa ameufukia ndani ya mwili wangu.

Nilizihesabu zile fito za chuma zinazobeba reli moja moja, nyingine zimezikwa na majani, nyingine zimeng'olewa na mafuriko ya mwaka wa El Nino zikabaki alama tu udongoni. Mara mbili nilipoteza hesabu nikarudi. Ya mia tatu sitini na tano ilikuwa karibu na mteremko wa mto, na kopo la pili lilikuwa limening'inizwa chini yake kwa uzi wa cherehani. Saa tano na robo. Nikajiona nimeshinda.

*Hapo ulipo geuka kibla. Nenda hatua mia moja, zangu, si zako. Chimba chini ya mti usiozaa.*

Basi. Hatua zake nilizijua. Nimetembea nyuma yake mara nyingi kwa kujificha, nikakanyaga alama za ndala zake moja moja. Na kibla? Kibla ni Maka. Maka iko Uarabuni. Uarabuni ni Mashariki ya Kati, hata redio husema kila jioni. Na kanisani kwetu madhabahu hutazama jua linakochomoza. Nikageuka mashariki, upande wa bahari, bila kufikiri mara ya pili. Hatua mia ndogo ndogo. Mbele yangu, mnazi uliopigwa na radi, umebaki shina bila kichwa. Mti usiozaa! Nikapiga magoti.

Nilichimba kwa kipande cha chuma nilichookota relini. Nilichimba upande wa jua, nikachimba upande wa kivuli, nikazunguka shina lote. Mchanga, mizizi, kifuu cha nazi. Shati jeupe likageuka rangi ya tope. Saa tano na nusu. Saa sita. Nikaanza kumsemesha kana kwamba yuko mbele yangu.

"Mejumaa, ulifukia kweli? Au unanichezea? Umeshaamua, sivyo? Tembo ana malori mawili, ana nyumba ya mawe. Si ungeniambia tu!"

Nikakitupa kile chuma.

Ndipo adhana ikasikika kwa mbali, ya Ijumaa, inakuja na kuzimika kwa upepo. Wanaume wa Msambweni walikuwa wanaelekea msikitini, na wakitoka huko, moja kwa moja kwa Mzee Dzombo.

"Wewe mwanangu, unamchimbia nani kaburi?"

Niligeuka. Bibi mmoja, amejifunga leso kiunoni, kichwani ana mzigo wa muhogo. Alikuwa akilima kipande chake ng'ambo ya reli na bila shaka aliniona muda wote.

"Shikamoo, bibi. Natafuta kitu changu."

"Marahaba. Kitu chako ulikitupa mwenyewe, au ulitupiwa?"

"Nilifichiwa."

"Na mwanamke?"

Nikainamisha kichwa. Akacheka bila meno. "Nilijua. Mwanamume hachimbi hivyo kwa ajili ya muhogo. Ngoja nimuabudu Mola wangu, nikimaliza nitakusaidia kucheka."

Akatua mzigo. Akamimina maji ya dumu, akatawadha taratibu kana kwamba dunia haina haraka. Akafungua leso ya pili, akaitandika juu ya majani, akasimama.

Nikatazama upande alioelekea.

Hakutazama bahari. Bahari ilikuwa kuumeni kwake. Alikuwa amevitazama vilima vya Shimba, vile vya buluu, kaskazini kabisa.

Nilitaka kupiga kelele, "Bibi, ni kule?" Nilitaka kukimbia. Njia fupi ya kwenda kule ilipita mbele yake hasa, kati ya leso yake na kichaka. Nikakumbuka mkeka wa Mzee Dzombo. Nikasimama. Mwenzangu, sijawahi kungoja kama nilivyongoja siku ile. Aliinama, akasujudu, akainuka, na mimi nasikia dakika zinadondoka kama maji ya dumu lililotoboka. Alipogeuza uso kulia, kisha kushoto, ndipo nikapumua.

"Bibi, kibla ni kule?"

"Kwani wewe ulifikiri ni wapi?"

"Mashariki. Maka si iko Mashariki ya Kati?"

Alinitazama, kisha akalitazama shimo langu, kisha akanitazama tena. Nilingoja acheke, hakucheka.

"Baba yangu amelala pale nyuma ya mikorosho," akasema, "ubavuni, uso wake kule. Mama yangu vilevile. Hata wafu wetu wanajua ni wapi, na wewe uliye hai hujui? Umeishi huku miaka mingapi?"

"Ishirini, bibi."

"Na huyo aliyekufichia, unampenda?"

"Sana."

"Sala tano kwa siku anatazama kule. Hujapata kumuuliza anatazama nini?"

Mwaka mzima nilimtazama Mejumaa usoni, na sikuwahi kugeuka kuona uso ule unaelekea wapi.

"Nenda," bibi akasema. "Zunguka nyuma yangu, bado nina dua."

Nikazunguka. Nikarudi kwenye taruma lile, nikageuka kaskazini, nikahesabu hatua mia ndogo. Zikaniishia mbele ya mpapai, mrefu, umejaa maua yanayoning'inia kama shanga, bila hata papai moja. Mpapai dume. Udongo chini yake ulikuwa laini. Kopo la tatu lilikuwa chini kwa kina cha kiganja tu.

Ndani palikuwa na karatasi moja. Nilitarajia neno la mapenzi. Palikuwa na swali.

*Ulikwenda upande gani kwanza?*

Mpaka Msambweni sikumbuki njia. Nakumbuka mnyororo ulitoka mara moja, na nakumbuka viatu. Viatu vya watu watano vilikuwa vimepangwa mbele ya baraza ya Mzee Dzombo, vyeusi, vimepakwa rangi. Nikavua vyangu, vikamwaga mchanga.

"Hodi."

Mazungumzo yakakatika. Wazee walikuwa wameketi mkekani, sinia ya halua katikati. Mjomba wake Tembo, Mzee Garama, mtu mnene mwenye sauti ya kutangulia, ndiye aliyekuwa akisema. Pazia la mlango wa ndani lilitikisika kidogo.

Mzee Dzombo alinitazama kutoka nywele mpaka nyayo. Shati alilolishona mwenyewe hakuweza kulitambua.

"Leo ni Kassim," akauliza, "au ni nani?"

"Ni Kivuva, mzee. Kivuva wa Musyoki, wa Kikoneni. Shikamoo."

"Marahaba. Uko kwenye shughuli ya watu, Kivuva."

"Najua, mzee. Naomba radhi."

Garama akakohoa. "Mzee Dzombo, tulikuwa tumefika pale pa kumuuliza binti. Huyu fundi wa visima atatusamehe."

Wazee wawili wakacheka. Mzee Dzombo hakucheka. Akageukia pazia. "Mejumaa. Umesikia posa. Ukinyamaza nitajua umeridhia. Una neno?"

Mimi nilisimama pale mlangoni, kopo mkononi.

"Baba," sauti yake ikasema nyuma ya pazia, ndogo lakini haikutetemeka, "nina swali moja kwa huyo aliyeingia. Kisha nitakujibu."

"Swali gani mbele ya wageni?" Garama akaruka.

"Niruhusu, baba."

Mzee akafikiri. "Moja."

"Kivuva, ulikwenda upande gani kwanza?"

Naapa, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Kaskazini. Neno moja. Nani angejua? Shimo la mashariki nililiona mimi na bibi mmoja ambaye hata jina lake sikumuuliza. Nilikuwa na kopo. Nilikuwa nimewahi. Kassim angesema kaskazini, tena kwa tabasamu, na angeitiwa kahawa.

"Mashariki," nikasema.

Mzee Garama akaangua kicheko. "Mashariki ya wapi? Hii ni posa au ni jiografia?"

"Ukachimba?" Mejumaa akauliza.

"Nilichimba karibu saa nzima. Nikakutukana kidogo."

"Nani aliyekuonyesha?"

"Bibi mmoja alitandika leso akaswali. Nikaona anatazama kule."

"Ukamkatiza?"

"Hapana. Nilimngoja amalize. Kisha nikapita nyuma yake."

Mzee Dzombo, aliyekuwa akitazama sinia, akainua kichwa. Mkono wake ulioshika tasbihi ulisimama.

"Mejumaa," akasema, "swali lako limejibiwa. Jibu langu?"

"Baba, mwambie Mzee Garama namshukuru, na amsalimie Tembo. Sitaki."

Palikuwa na kelele sasa. Garama alikwisha simama. "Tumetoka Lunga Lunga wazee watano kuja kusikiliza habari za mashimo? Mzee Dzombo, binti yako anamtaka mtu asiyejua hata kibla!"

"Sikusema namtaka," pazia likajibu.

Kelele zikakatika.

"Huyo hajaniposa," Mejumaa akaendelea. "Alisema dini ni maneno mawili. Nikataka kujua kama ni mtu wa maneno mawili. Leo nimesikia neno moja la kweli. Hilo ndilo nililolitaka leo. Mengine asome kwanza, na asome kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Akishajua anachokiuliza, aje aulize. Mimi nipo."

Wageni waliondoka na viatu vyao vyeusi. Mzee Dzombo aliwasindikiza mpaka njiani, akawaomba radhi moja baada ya mwingine, akarudi amechoka. Nilikuwa bado nimesimama palepale.

"Nimeaibika leo," akaniambia.

"Najua, mzee. Ni kwa sababu yangu."

"Sehemu." Akasikiliza, adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. "Keti. Au nenda. Lakini kama unakuja kesho, njoo mchana, kwa jina lako, uingie kwa mlango wa duka. Kuna maalimu jirani, si mkali."

Akatandika mkeka wake barazani, akasimama. Baiskeli yangu nilikuwa nimeiegemeza upande wa pili, hatua nne tu mbele ya mkeka ule. Nikavaa viatu, nikashuka chini, nikaanza kuizunguka nyumba nzima: nikapita shimo la takataka, nikapita banda la kuku, nikapita kamba ya nguo.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mejumaa alikuwa amesimama ndani, ushungi umelegea, uso umelowa. Sikujua kama ni maji ya udhu au ni machozi, wala hakunipa muda wa kujua.

"Umepotea tena?" akauliza kwa kunong'ona.

"La," nikasema. "Nazunguka."